Mzigo wa vimelea kwa mjusi chui: kwa nini dawa ya minyoo haifuati kalenda

Hapa Dar tumezoea dawa ya minyoo itolewe kwa kalenda. Watoto wanapewa vidonge shuleni, mbwa anapewa kila baada ya miezi mitatu, na mwenye kuku anachanganya dawa kwenye maji kabla hata hajaona kuku aliyezubaa. Kwa hiyo mtu akipata mjusi chui, yule wa manjano mwenye madoa meusi na mkia mnene, swali lake la kwanza huwa lilelile: nimpe dawa gani ya minyoo, na kila baada ya muda gani? Ni swali la mtu anayejali mnyama wake. Lakini kwa mnyama huyu kuna jambo linalotangulia dawa, nalo ni kujua amebeba mzigo wa vimelea kiasi gani na wa aina gani.

Mzigo wa vimelea ni wingi wa viumbe wanaoishi ndani ya mnyama na kumtegemea, ukilinganishwa na kile ambacho mwili wake unaweza kukihimili. Kuwa na vimelea si lazima iwe kuumwa. Mjusi chui anaweza kuwa na minyoo myembamba ya milimita chache kwenye utumbo mpana, minyoo ambayo wataalamu huiita oksiuridi, na bado akala vizuri, akanenepa na kuishi miaka 15 au zaidi. Daktari mzoefu akiona mayai machache ya minyoo hiyo kwa mjusi mwenye afya, anaweza kuamua asitoe dawa yoyote. Mayai hayohayo yakiwa mengi, kwa mjusi anayekonda, ni habari nyingine kabisa.

Kinachofanya machache yawe mengi ni maisha ya ndani. Mjusi huyu, Eublepharis macularius, asili yake ni nyanda kavu za Afghanistan, Pakistan, Iran na kaskazini magharibi mwa India. Kule akijisaidia anaondoka zake. Kwenye kisanduku cha kioo analala mita moja au chini yake kutoka kwenye choo chake, na oksiuridi haihitaji mnyama wa pili ili ikamilishe mzunguko wake: yai likitoka na choo na kurudi mdomoni, limeshakuwa mnyoo mpya. Anayelirudisha mara nyingi ni nyenje. Unamwagia mjusi nyenje kumi, anakula sita, wanne wanajificha chini ya gome, usiku wanatafuna choo kilicho pembeni, na kesho yake wanaliwa. Nikiambiwa nichague jambo moja tu la kubadilisha kwa mfugaji yeyote, ningechagua hilo: nyenje asiyeliwa atolewe kabla hujazima taa.

Mengine yanaongezea. Mjusi akikosa joto tumbo halisagi chakula na kinga inashuka. Sakafu ya upande wa joto inatakiwa iwe nyuzi 31 hadi 33, na usidhani Dar inatosha yenyewe mwaka mzima, kwa sababu usiku wa Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 20. Unyevu wetu wa pwani nao unavipendelea vimelea. Koksidia, kimelea cha seli moja, kwa mfano, hutoka na choo ikiwa bado haijaiva, na mahali penye joto na unyevu huiva ndani ya siku chache. Wafugaji wa kuku wanalijua jina hilo kwa ule ugonjwa wa kuhara damu, lakini wasiwe na hofu: koksidia wa kuku hawahamii kwa mjusi, kila mnyama ana wake. Mende wa jikoni ni suala jingine. Usimpe, kwa sababu hujui ametembea wapi wala amepuliziwa dawa gani.

Dalili zipo, ila hazisemi ni kimelea gani. Choo kinakuwa laini au chenye kamasi na harufu kali, chakula kinatapikwa, uzito unashuka huku mjusi akiendelea kula, mkia unapungua unene. Mkia ndio ghala lake la mafuta, basi uangalie kila unapomlisha. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja itakuambia mapema kuliko macho. Mpime kila wiki, uandike.

Jibu linatoka kwenye kipimo cha choo. Kukipata choo chenyewe ni rahisi, maana mjusi chui huchagua kona moja na kurudi hapohapo. Jioni tandika tishu nyeupe kwenye kona hiyo, asubuhi chukua kilichopo. Choo kizuri kina sehemu mbili, ya kahawia iliyoshikana na nyeupe kavu ambayo ni mkojo wake. Weka ile ya kahawia kwenye kikopo cha maabara chenye kifuniko, na tone la maji ili isikauke. Kama haiendi maabara asubuhi hiyo, iweke kwenye friji, si kwenye friza, wala usiiache kwenye gari juani ukiwa kwenye foleni.

Maabara hukoroga choo hicho kwenye maji yaliyoshiba chumvi, hujaza kichupa hadi ukingoni, kisha huweka juu yake kipande chembamba cha kioo na kusubiri kama robo saa. Mayai ya minyoo ni mepesi kuliko maji hayo, hivyo yanapanda na kunasa kwenye kioo, kinachowekwa chini ya hadubini. Yai la oksiuridi linatambulika kwa kuwa refu na kubonyea upande mmoja. Vijidudu vyenye mikia vinavyoogelea, yaani flajeleti, havionekani kwa njia hii. Vinahitaji choo kibichi kwenye tone la maji ya chumvi kiasi, vikiwa bado hai. Kwa hiyo mwombe fundi afanye vyote viwili. Mkumbushe pia kwamba mjusi huyu anakula wadudu: nyenje wana vimelea vyao wenyewe, ambavyo hupita tumboni mwa mjusi bila kumdhuru na kuonekana kwenye kioo kana kwamba ni vyake. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ina maabara yake Temeke. Piga simu kwanza ueleze kwamba unaleta choo cha mjusi.

Sasa dawa. Kwa minyoo, inayotumika zaidi kwa mijusi ni fenbendazo, na madaktari wengi hutoa kati ya miligramu 25 na 50 kwa kila kilo ya uzito, kisha hurudia baada ya wiki mbili. Hesabu hiyo inaonekana nyepesi mpaka uiweke kwenye mjusi halisi. Mjusi wa gramu 60, kwa kiwango cha 50, anahitaji miligramu 3 tu. Dawa ya maji ya mbuzi yenye nguvu ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita, kwa hiyo dozi yake ni mililita 0.03. Tone moja la kawaida ni karibu mililita 0.05. Maana yake ni kwamba mtu akidondosha tone moja mdomoni, akiamini ametoa kidogo sana, ameshazidisha, na kwa mjusi aliyekonda hadi gramu 30 amezidisha zaidi ya mara tatu. Fenbendazo ikizidi huweza kushusha chembe nyeupe za damu, zilezile anazozihitaji apone. Ndiyo sababu daktari huipunguza makali kwanza, kisha hutoa kwa sirinji ya insulini isiyo na sindano.

Metronidazo, ambayo wengi tunaiita Flagyl, inatibu flajeleti na amiba. Haiui minyoo. Kidonge cha miligramu 200 kilichobaki kwenye droo kinatosha dozi zaidi ya 160 za mjusi wa gramu 60 kwa kiwango cha miligramu 20 kwa kilo. Ikizidi, mjusi hupepesuka na kupindisha kichwa. Koksidia nayo ina dawa zake, si mojawapo ya hizi mbili. Bila kipimo unabahatisha, na anayelipia ni mnyama mwenye uzito wa yai la kuku.

Dawa peke yake haipunguzi mzigo kama kisanduku kimebaki vilevile. Siku ya dozi ya kwanza toa mchanga wote, tupa magome na vijiti, tandika tishu na uibadilishe kila siku. Vyombo vya plastiki na bakuli vioshwe kwa sabuni, kisha vimwagiwe maji yanayochemka. Choo cha kupima tena kipelekwe wiki mbili hadi nne baada ya dozi ya mwisho. Hapo ndipo unapojua kama matibabu yamekwisha.

Kuna kimelea kimoja kinachovunja utaratibu wote huu: kriptosporidia. Huyu hukaa kwenye ukuta wa utumbo na kuzuia chakula kisifyonzwe, mpaka mkia unabaki kama kijiti huku mjusi akiwa bado anataka kula. Hakuna dawa inayoaminika kumwondoa. Paromomisini inaweza kupunguza idadi na dalili, basi. Jiki haimuui, anayemuua ni amonia kali au joto kali. Ni mdogo mno hata akapita bila kuonekana kwenye kipimo cha kawaida, na hatoki kila siku, kwa hiyo mjusi anayeshukiwa hupimwa mara kadhaa kwa rangi maalumu au kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea. Likithibitika, na mjusi ameshaisha mwili, daktari anaweza kukushauri umpumzishe, yaani auawe bila maumivu. Ni ushauri mgumu kuupokea, lakini naona ni wa huruma kuliko kumwongezea miezi ya njaa isiyoshibishika.

Kwa sababu ya huyo mmoja, mjusi mpya akae chumba tofauti siku 60 hadi 90, na choo chake kipimwe zaidi ya mara moja kabla hajakaribia wengine. Koleo lake, bakuli lake na nyenje wake wasivuke kwenda kisanduku kingine. Wazima walishwe kwanza, anayetibiwa awe wa mwisho, kisha mikono ioshwe kwa sabuni, maana mijusi hubeba bakteria wa salmonela hata wakiwa wazima. Vyombo vyao vioshewe kwenye beseni lao nje, si kwenye sinki la jikoni.