Kuchagua DRO ya mashine ndogo ya milingi: anzia kwenye mhimili wa Y

Wengi wanaonunua mashine ndogo ya milingi, ile ya kukaa juu ya benchi nyumbani, hunijia baada ya miezi michache na swali moja: "Fundi, nichukue kisomeo cha mikroni 5 au cha mikroni 1?" Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na kisomeo ndicho hiyo DRO, inayoonyesha meza imesogea kiasi gani. Huwa siwajibu papo hapo. Nawaomba warudi nyumbani wakapime nafasi iliyopo ubavuni mwa tandiko (sehemu inayobeba meza), pale kipimio, yaani skeli, cha Y kitakapokaa, na nafasi iliyopo nyuma ya meza kabla haijagusa nguzo ya mashine. Vipimo hivyo viwili vimeamua mambo mengi zaidi kuliko tarakimu yoyote iliyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji.

Kisomeo cha dijitali, ambacho karakana nyingi wanakiita DRO tu, kina sehemu mbili. Kuna skeli inayofungwa kwenye mashine, moja kwa kila mhimili (X ni mwendo wa kushoto na kulia, Y mbele na nyuma, Z juu na chini), na kuna skrini inayoonyesha namba. Skeli ina kichwa cha kusomea kinachotembea nayo sambamba. Meza ikisogea, kichwa kinahesabu mistari au ncha za sumaku kinazopita, na skrini inabadilisha hesabu hiyo kuwa milimita.

Faida yake utaielewa ukishawahi kupotea katikati ya kuhesabu mizunguko. Chukua mashine ambayo skrubu yake inasogeza meza milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja. Unataka matundu 6 kwenye duara la kipenyo cha milimita 60. Tundu la kwanza liko milimita 30 kutoka katikati, rahisi, mizunguko 20 kamili. La pili liko milimita 15 kwenye X na 25.98 kwenye Y, yaani mizunguko 17 na milimita 0.48. Simu ikilia ukiwa kwenye mzunguko wa 11, kazi imeharibika. Tena ukirudi nyuma inabidi upite alama kisha uje mbele upya, kwa sababu skrubu ina mchezo: gurudumu la mkono linazunguka kidogo kabla meza haijaanza kufuata. Kwenye mashine ndogo mchezo wa milimita 0.2 si jambo la ajabu. DRO haiangalii skrubu kabisa, inasoma meza yenyewe, kwa hiyo mchezo unatoka kwenye hesabu zako.

Unatoka kwenye hesabu, lakini kwenye chuma unabaki. Hapa nawasihi wanaoanza wawe makini sana. Kisu kikizungukia upande ule ule ambao meza inaenda, kinaweza kuivuta meza ghafla kwa kiasi chote cha ule mchezo, na skrini itakuonyesha kwa usahihi kabisa jinsi kazi yako ilivyoharibika. Kaza kwanza gibu, ule ukanda wa chuma unaoondoa ulegevu kwenye njia ya meza. Rekebisha nati ya skrubu kama inarekebishika. Funga mhimili ambao hutumii, kisha ndipo usome namba, maana kufunga kwenyewe kunaweza kusogeza meza mikroni kadhaa.

Sasa skeli. Ziko aina tatu ambazo mtu wa nyumbani atakutana nazo.

Ya bei ya chini kabisa ni ile inayofanya kazi kama kalipa ya dijitali, kwa chaji za umeme zinazopimana kati ya vibamba viwili. Inasoma hadi milimita 0.01. Nimeifunga kwenye mashine kadhaa na sina ugomvi nayo mahali pakavu. Shida ni kwamba unyevu unaivuruga. Tone la maji ya kupozea likiingia kati ya kichwa na skeli, namba zinaanza kucheza zenyewe. Ukiwa na karakana karibu na bahari, kama sisi wa Dar es Salaam, hata bila maji ya kupozea unyevu wa asubuhi wakati wa masika unatosha kukusumbua. Mahali ninapoipendekeza ni kwenye Z: inasimama wima, iko juu, mbali na maji na chenga.

Ya pili ni skeli ya kioo. Ndani ya boksi lake la alumini kuna kioo kilichochorwa mistari myembamba mno, kwa kawaida mmoja kila mikroni 20, yaani mistari 50 ndani ya milimita moja. Taa ndogo inapenya kwenye kioo, na kichwa kinatoa mawimbi mawili yaliyopishana kwa robo ya wimbi. Upishano huo ndio unaoijulisha skrini meza inaelekea upande gani, na pia ndio unaogawa kila mstari mara nne. Ishirini kugawa kwa nne ni tano: hiyo ndiyo mikroni 5 unayoisoma kwenye matangazo. Mikroni 1 kwa kioo hicho hicho inapatikana kwa kugawa wimbi zaidi ndani ya elektroniki. Kioo ni kile kile na mistari ni ile ile.

Usahihi wa skeli ya kioo naupenda, na nikifunga kwenye mashine kubwa kama Bridgeport, ambayo ndiyo niliyojifunzia, sihitaji kuwaza mara mbili. Mashine hizo nyingi tunazozipata mitumba zina skrubu za inchi, mzunguko mmoja ni inchi 0.2, sawa na milimita 5.08. Mtu anayechora kwa milimita anateseka nazo kila siku, na kitufe kimoja cha DRO kinamaliza mateso hayo.

Lakini boksi la kioo lina unene. Pamoja na breketi na kifuniko chake linaweza kula milimita 25. Mashine ndogo za aina ya X2 za kampuni ya Sieg, ambazo zimeuzwa kwa majina mengi tofauti, zina mwendo wa Y wa kama milimita 100 hivi. Ukifunga boksi nyuma ya meza, umepoteza robo ya mwendo wako milele. Ukilifunga mbele, umeziba vishikio vya kufungia meza. Kuna skeli za kioo zilizofanywa nyembamba kwa ajili ya tatizo hili hili, na zinasaidia, ila bado ubavuni mwa tandiko panabana. Skeli pia haikatiki. Na boksi lake ni refu kuliko mwendo linaosoma, kwa zaidi ya sentimita 10 mara nyingi. Mtu ananunua skeli ya mwendo wa milimita 100 akidhani itaingia kwenye nafasi ya milimita 150, inafika, haiingii.

Ya tatu ni tepu ya sumaku. Ni utepe uliotiwa sumaku kwa kupishanisha ncha, kila milimita 2 au 5, na juu yake kunabandikwa bamba jembamba la chuma cha pua ili kuilinda. Unaikata kwa msumeno wa chuma kwa urefu unaoutaka wewe. Maji, mafuta na vumbi haviizuii kusoma. Kwa mhimili wa Y wa mashine ndogo, hii ndiyo ninayoichagua, na kwa kawaida naiweka kwenye X pia.

Ina udhaifu wake na ni lazima niuseme. Ili kupata mikroni 5 kutoka kwenye ncha za milimita 5, elektroniki inagawanya kila hatua mara 1,000. Kosa dogo katika mgawanyo huo linajirudia kila hatua, kwa hiyo skeli inaweza kuwa sahihi kabisa kwa milimita 100 lakini ikakosea kidogo kwa milimita 2. Ukiweza, chukua yenye hatua ya milimita 2. Umbali kati ya kichwa na tepu uwe ule ule uliotajwa na mtengenezaji, mwanzo hadi mwisho wa mwendo. Na tafadhali, usiegeshe kamwe daili geji (saa ya mshale ya kupimia misogeo midogo) yenye kitako cha sumaku juu ya tepu hiyo. Sumaku kali inafuta alama pale ilipogusa, na hakuna namna ya kuzirudisha.

Turudi kwenye mikroni 1. Vipimo vyote vya ufundi duniani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20 za selsiasi. Karakana yangu saa nane mchana iko kwenye 32. Kipande cha alumini cha milimita 200 kwa tofauti hiyo kimerefuka karibu milimita 0.055. Skeli ya kioo ya urefu huo imerefuka takriban 0.02 tu. Tofauti inayobaki kati yao ni kama mikroni 35, kabla hujagusa chuma. Tarakimu ya mwisho ya mikroni 1 hapo inabadilika tu mbele ya macho yako. Na kuna jambo zito zaidi, alilolieleza Ernst Abbe wa Jena mwaka 1890: kipimo kinatakiwa kiwe kwenye mstari mmoja na kile kinachopimwa. Skeli ya X iko nyuma ya meza, kisu kiko labda milimita 120 mbele yake. Gibu ikilegea kiasi cha meza kupinda milimita 0.05 ndani ya urefu wa 150, mahali pa kisu pamehama milimita 0.04 na skeli haijui chochote. Ndiyo maana fedha ya kupanda kutoka mikroni 5 kwenda 1 nashauri iende kwenye kununua daili geji nzuri na saa moja ya kukaza gibu.

Kwenye skrini, angalia vitu vichache. Kitufe cha nusu, kinachokupa katikati ya kipande baada ya kugusa kingo mbili, utakitumia kila siku. Hesabu ya matundu kwenye duara, utaitumia kila wiki. Namba za kudumu (kutoka sifuri ya kazi nzima) na namba za muda (kutoka sifuri unayoiweka popote katikati ya kazi) ziwe kwenye kitufe kimoja. Mengine ni mapambo kwa mtu wa nyumbani. Nunua skrini na skeli kutoka mahali pamoja, kwa sababu plagi ya pini 9 inafanana kwa macho lakini mpangilio wa nyaya ndani unatofautiana kati ya watengenezaji, na kukosea kunaweza kuua kichwa cha kusomea.

Halafu umeme. Skrini nyingi hukumbuka namba ya mwisho umeme ukikatika, lakini hazijui kama meza ilisogea gizani. Skeli za kioo zina alama za marejeo, mara nyingi moja kila milimita 50, na skrini nzuri inakuruhusu kuzitafuta na kurudi pale pale ulipokuwa. Kwetu hapa nalihesabu hili kuwa sababu nzito ya kupenda kioo pale nafasi inaporuhusu. Ukiwa na tepu isiyo na alama, funga mihimili yote umeme ukikatika na usiiguse hadi urudi.

Wakati wa kufunga, watu wanahangaika na usambamba kwa sababu isiyo sahihi. Skeli ikipinda milimita 1 ndani ya 200, kosa la kipimo ni mikroni 2.5 tu. Kinachoumia ni kichwa: kinavutwa, umbali unabadilika, kioo kinachakaa. Kwa hiyo pitisha daili geji kwenye skeli mwendo mzima na uilete ndani ya milimita 0.1. Midomo ya mpira ya boksi la kioo itazame chini, chenga zisiingie.

Ukimaliza, pima kipande cha kipimo kinachojulikana, tuseme milimita 100, kwa kugusa pande zote mbili kutoka upande sahihi. Skrini ikionyesha 99.985, rudia kwa kipande cha 50. Ukipata upungufu wa nusu, ni skeli, weka marekebisho kwenye skrini. Ukipata upungufu ule ule wa 0.015, usiguse marekebisho: tatizo liko kwenye namna unavyogusa kingo, na hapo rudi kwenye kifaa chako cha kutafutia kingo, pima kipenyo chake kwa maikromita, na uanze tena.