Mtindo wa Kujifunza na Andalio la Somo

Walimu wengi bado huandaa somo wakiamini kwamba kila mwanafunzi ana mtindo wake wa kujifunza, kwa macho, masikio au mikono, na kwamba hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo huo. Mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake watatu nchini Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo, wasipate ushahidi wa kutosha wa dai hilo. Mapendeleo yapo, ndiyo. Lakini njia ya kufundishia huamuliwa na mada: mzunguko wa damu huhitaji mchoro ubaoni kwa darasa zima, na kutofautisha sauti ya dh na z huhitaji sikio la kila mtoto. Kuandaa shughuli za makundi matatu humchosha mwalimu bure, ilhali muda huo ungetosha kutunga maswali machache ya kupima kilichobaki vichwani mwa wanafunzi kutoka kipindi cha jana.