Wahusika wa riwaya za ukoloni: tunavyowadhania na walivyo

Wengi hufundishwa kwamba wahusika wa Shaaban Robert ni bapa, yaani wa tabia moja isiyobadilika, na kwamba huo ni udhaifu wake: katika riwaya yake Kusadikika, Majivuno anayeshtaki ni majivuno matupu, Karama anayeshtakiwa hana doa. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haraka. Hadithi zetu za kale zilimbebesha mtu tabia yake ndani ya jina, na Shaaban alizikulia hizo. Msomaji akishamjua mtu kwa jina, anabaki na jambo moja tu la kufuatilia, nalo ni kesi.

Kesi yenyewe ndiyo uhondo wa Kusadikika. Karama anashtakiwa kwa kuwafundisha watu sheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja akatiwa gerezani.

Husemwa pia kwamba Kusadikika, nchi inayoelea hewani, haiwezi kuwa Tanganyika. Kitabu kilitoka 1951, mwandishi akiwa mtumishi wa serikali ya Mwingereza. Tangu 1929 mahakama za wenyeji zilikuwa chini ya maofisa wa utawala, si chini ya Mahakama Kuu, na mawakili hawakuruhusiwa kusimama humo. Mwananchi alijitetea peke yake, na akikata rufaa alirudi kwa watawala walewale. Kwa msomaji wa wakati ule, kosa la Karama halikuwa njozi hata kidogo.

Dhana nyingine ni kwamba kila aliyemsifu Mzungu alikuwa kibaraka. James Mbotela ndiye hutajwa kwanza, kwa sababu katika Uhuru wa Watumwa (1934) Mwarabu ni mkamataji na Mwingereza ni mkombozi. Lakini Mbotela alitoka Frere Town, Mombasa, kijiji cha misheni walikowekwa watumwa waliokombolewa. Kwao shukrani ile ilikuwa ya kweli, na ni dhuluma kuiita unafiki. Kasoro ninayoiona ni nyingine: mkombozi yule hatumwoni akiwa mtawala, ilhali mwaka huohuo mwanamume Mwafrika wa Kenya alilazimika kutembea na kipande, cheti cha utambulisho na kazi, kwa kawaida kimening'inia shingoni ndani ya kikebe cha bati.

Na Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla? Wapo wanaomwona Sherlock Holmes mtupu, yule mpelelezi wa London wa hadithi za Kiingereza. Kiko ni cha kuazima, sawa. Ila katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) mtu anakutwa amekufa mzimuni, na mpelelezi anapaswa kupita katikati ya watu walio tayari kuamini kwamba mzimu umeua. Mabwana, watumishi na hofu zile ni za Unguja ya kabla ya Mapinduzi, si za London.