Siklameni haijafa, usiitupe

Kila ikifika Mei hapa Uingereza, wateja wangu huanza wimbo ule ule: "Dada, lile ua la Krismasi limekufa, nimeshalitupa." Halikufa. Ua hilo ni siklameni (cyclamen), na hii ya chungu asili yake ni mashariki ya Mediterania, nchi kama Uturuki, Syria na Lebanon, ambako mvua hunyesha majira ya baridi na kiangazi huwa kikavu kabisa. Ndiyo maana huchanua wakati wa baridi, kisha joto likianza hupukutisha majani na uhai wote hubaki kwenye kiazi. Sisi tuliokulia mashambani tunalijua hili: majani ya kiazi kikuu yakikauka, nani husema kilichoko ardhini kimekufa?

Kinachoniuma zaidi ni wale wanaoona umanjano wakazidisha maji. Hapo ndipo wanapoiua kweli. Kiazi kilicholala hakinywi; maji hutuama kwenye udongo mpaka kioze. Majani yakianza kuwa ya manjano, punguza maji kidogo kidogo, halafu acha kabisa, uweke chungu penye kivuli, pakavu na pasipo na joto kali. Mara moja moja kibonyeze kiazi kwa kidole. Kikiwa kigumu, ni kizima. Kikibonyea na kuchuruza maji, hicho ndicho cha kutupa. Kuanzia mwisho wa Agosti hivi utaona vijani vidogo vilivyojikunja vikichomoza juu yake. Badilisha udongo, panda upya, anza kumwagilia taratibu. Na tafadhali, usikizike chote: nusu ya juu ibaki nje.

Wengine huniambia: "Nje kuna baridi, kwa hiyo inataka joto." Hapana! Inastawi kwenye nyuzi 10 hadi 15 hivi za Selsiasi. Ukiiweka juu ya hita, majani yatalegea na maua yataisha upesi. Itafutie dirisha lenye mwanga kwenye chumba ambacho hita haiwashwi sana. Ila baridi ya kugandisha haiiwezi, usiilaze nje.

Kumwagilia kwa juu, katikati ya majani, nako huozesha. Simamisha chungu kwenye bakuli la maji kwa robo saa, kisha kiache kichuje vizuri. Usikirudishe kwenye kisahani chenye maji.

Ua likinyauka, weka mkasi chini. Kipande cha kikonyo kinachobaki huoza na kuita ukungu wa kijivu. Shika kikonyo chini kabisa, kizungushe, kivute kwa mara moja, kitang'oka chote.

Wapo pia wanaotaka kukata kiazi vipande viwili wapate mimea miwili. Mara nyingi huoza. Siklameni hupandwa kwa mbegu.

Na mwenye paka au mbwa aiweke juu wasikofika, hata wakati imelala, kwa sababu sumu yake nyingi imo kwenye hicho kiazi.