Aliyekuacha siye anayekukosesha usingizi

"Nikishamsahau, usingizi utarudi wenyewe."

Juzi nimeisikia tena, na safari hii kwa dada aliyeachwa tangu mwaka jana. Kwa maneno yake mwenyewe, akipishana leo na huyo bwana Kariakoo, moyo haumwendi mbio hata kidogo. Kisa chao anakisimulia akicheka. Ila saa nane usiku yuko macho, anasikiliza feni. Nikamuuliza, kama umeshamsahau, mbona usingizi haujarudi? Akafikiri, akanijibu, "Labda kwa ndani bado, dokta." Shangazi yake ana jibu lake: kuna mkono wa mtu. Mmoja anatafuta sababu moyoni, mwingine anaitafuta kwa mganga, na kitanda hakuna aliyekitazama.

Kazi yangu ni saikolojia tiba, hapa Dar. Dawa siandiki, hilo "dokta" ni heshima tu ya watu. Wanaokuja kwangu kwa kukosa usingizi baada ya talaka, uchumba kuvunjika au kupigwa chini kwa meseji hawakauki, na visa nitakavyovitaja humu nimevichanganya makusudi, kwa hiyo usihangaike kujitafuta.

Wiki za mwanzo sina ugomvi nazo. Ukiachwa mwili unakaa chonjo: chakula hakipiti, moyo unadunda, usingizi unakatika saa tisa na haurudi. Hiyo ni haki yako, na kwa wengi hali hutulia bila mtu kama mimi. Sisi huanza kuiita tatizo sugu pale mtu anapokosa usingizi angalau usiku 3 kwa wiki, kwa miezi 3 au zaidi. Ugomvi wangu ni na yale mtu anayoyafanya humo katikati.

Mwaka 1987 Arthur Spielman, mtaalamu wa usingizi wa Marekani, na wenzake walitenganisha mambo matatu ambayo watu huyafunga fungu moja: yale yanayomfanya mtu awe mwepesi wa kukosa usingizi tangu asili yake, lile tukio lililouvunja, na yale yanayouzuia usirudi. Kuachwa ni la pili. Ni kiberiti. Lakini nyumba inapoendelea kuwaka saa nzima baadaye, kiberiti kilishazima zamani. Kinachowaka ni kuni, na kuni tunazileta wenyewe kila usiku tukidhani tunazima moto.

Kuni kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoniudhi, ni kufidia.

Dada huyu akikesha, kesho yake anapanda kitandani saa 2 usiku, "ili hata ukija nusunusu nipate masaa." Anatoka saa 12 asubuhi. Hayo ni masaa 10 juu ya godoro. Tuliandika kwenye daftari wiki nzima, na usingizi wenyewe ukawa kama masaa 5 kwa usiku. Yaliyobaki anafanya nini? Anageuza mto upande wa baridi. Anawasha simu aone ni saa ngapi, halafu anapiga hesabu: nikisinzia sasa hivi nitapata masaa matatu. Anaingia kutazama stetasi, kumbe na yule mtu kaweka. Anamkumbuka, siyo kwamba bado anampenda, ila saa nane ya usiku, gizani, ndani ya neti, hakuna kingine cha kufanya, na ubongo huokota kisa kilicho karibu. Ungempa deni la VIKOBA angewaza deni la VIKOBA.

Watu huniambia, "Lakini si napumzisha mwili?" Hapana. Ukilala macho masaa matano kila usiku, unakifundisha kitanda kazi nyingine. Richard Bootzin, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliona hili tangu mwaka 1972: mahali pa kulala pakizoeleka kwa kuwaza, kuhesabu na kuogopa, mwili ukipaona tu unaamka. Ndiyo maana mtu anasinzia kwenye daladala ya Mbagala akiwa amesimama, kashika bomba, halafu akifika kitandani macho yanakuwa makavu. Ndiyo maana pia akienda kwa dada yake Tanga, akalazwa kwenye godoro chini na watoto watatu, analala fofofo. Anarudi Dar, usingizi umekwisha. Hapo ndugu wanashika vichwa: nyumba ina mambo, afukize ubani. Jamani, nyumba haina mambo. Kitanda cha Tanga hakijawahi kumwona akikesha, basi.

Halafu lipo suala la saa yenyewe. Hamu ya usingizi hujijenga kwa muda uliokaa macho, na pembeni yake ipo saa ya ubongo inayofuata mwanga na giza. Maelezo ya nguvu hizi mbili tunayarudia tangu Alexander Borbély, mtafiti wa usingizi wa Uswisi, alipoyaandika mwaka 1982. Ukipanda kitandani saa 2 usiku, hamu haijatosha na saa ya ubongo mida hiyo bado inakushikilia macho. Ukiwa umechapa usingizi wa sofa mchana wa Jumapili, ndiyo kabisa. Umekwenda kudai mshahara tarehe kumi na tano.

Kwa hiyo tunachofanya kinamkasirisha kila mtu: tunapunguza kitanda. Unalala masaa 5? Basi nakupa masaa 5 na nusu. Usipande kabla ya saa 6 usiku, na saa 11 na nusu alfajiri miguu iwe chini, hata kama umelala dakika arobaini, hata kama ni Jumapili. Mchana usilale. Ukiona umekaa kitandani macho makavu na umeanza kukereka, toka. Saa usiitazame, ukikereka inatosha kuwa kipimo. Chini ya masaa 5 simshushi mtu. Usingizi ukishajaza sehemu kubwa ya muda huo, asilimia 85 hivi, tunaongeza robo saa, wiki inayofuata robo nyingine. Wiki ya kwanza utanichukia. Wengine hunitumia sauti za WhatsApp za dakika nne saa kumi alfajiri, wakisahau kwamba mimi nimelala.

Siyo uganga wangu huu. Mwaka 2016 American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani, kilielekeza kwamba mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanziwe na tiba ya namna hii, ya kubadili mazoea na fikra, kabla ya vidonge.

Ila kuna mambo vitabu vinayapita haraka. Vinasema "toka kitandani, nenda chumba kingine." Chumba kipi? Mteja wangu wa Manzese ana chumba kimoja. Kitanda, jiko la gesi, ndoo za maji na begi la yule bwana ambalo hajaja kulichukua, vyote humo humo. Akifungua mlango ni korido ya wapangaji, na mama mwenye nyumba ataulizia kesho. Huwa nawaambia wapange kona: kiti cha plastiki au mkeka upande usio wa kitanda, taa ndogo, kitu cha kushika mkononi kama kuchambua mchele au kusuka ukili. Kona ile ndiyo sebule. Wengi kona hiyo huwasaidia. Wanaolala kitanda kimoja na mtoto au mdogo wao nawaambia wakae ukingoni, miguu sakafuni, na hapo kusema kweli nabahatisha.

Shaka yangu nyingine ni kubwa zaidi. Nafundishwa kwamba kupunguza kitanda kunafanya kazi kwa sababu hamu ya usingizi inapanda. Nikiwasikiliza wateja, naanza kudhani nusu ya dawa ni kuacha kuuogopa usiku. Mtu aliyeamriwa asilale kabla ya saa sita anakaa pale anapigana na usingizi badala ya kuutafuta, na usingizi ukitimuliwa ndiyo unakuja. Kipi hasa kinamponya kati ya hivyo viwili, siwezi kukuapia.

Marafiki nao wana lao: "Mfute kichwani." Jaribu sasa hivi usimfikirie dubu mweupe. Mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwapa watu jaribio hilo mwaka 1987, na dubu hakuwatoka. Ukilala na kazi ya kutomfikiria mtu fulani, umemkaribisha alale katikati yenu wewe na mto. Mimi nataka umfikirie, lakini saa 12 jioni, umekaa kitako, robo saa, halafu ukapike. Kufunga milango ya simu hilo sina mjadala nalo: ondoa stetasi zake, na simu ichajiwe mbali na kitanda.

Kuhusu kuandika hisia zako daftarini, ushauri unaopendwa sana mitandaoni, siku hizi nauogopa kidogo. Mwanasaikolojia David Sbarra na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti kwa watu waliotoka kutengana na wenzi wao: kati ya wale wenye tabia ya kuchimba sana maana ya yaliyotokea, walioandika hisia zao walipona vibaya zaidi kuliko walioandika tu shughuli zao za siku. Kwa hiyo ukiwa mchimbaji, na wanaokesha wengi ni wachimbaji, andika ulichopika, foleni ya Ubungo ilivyokuwa, umeme ulikatika saa ngapi. Inachosha kusoma, na ndiyo uzuri wake.

Mengine harakaharaka. Kahawa ya kijiweni saa moja jioni: nusu ya nguvu yake unaweza kuwa nayo bado saa sita usiku. Konyagi itakulaza, kisha itakuamsha saa tisa ukiwa na kiu na majuto. Piriton ni dawa ya mzio. Ndiyo, inasinziza, lakini mwili huizoea upesi na ulegevu wake unaendelea nao kesho ofisini. Valium uliyopewa dirishani duka la dawa bila cheti ni habari nyingine, na kama umeshaimeza wiki kadhaa mfululizo usiikate ghafla kwa sababu umesoma blogu yangu. Inaweza kukuletea degedege. Nenda kwa daktari akupunguzie taratibu. Joto la Januari na ngoma za vigodoro mtaani sina dawa navyo. "Tafuta mwingine" nimeshaisikia ikifanya kazi, na nimeshaisikia ikileta mteja yuleyule na majina mawili ya kukesha nayo.

Kupunguza kitanda si kwa kila mtu. Dereva wa bodaboda au wa lori siwezi kumwambia alale masaa matano na nusu halafu nikamwacha aingie barabara ya Morogoro. Mwenye kifafa vivyo hivyo. Na yupo ambaye halali lakini hachoki: anaongea bila kituo, ana mipango kumi, anagawa pesa, usiku anafua mapazia. Watu husema kachanganywa na mapenzi. Huyo anahitaji daktari wa akili mapema, siyo ratiba yangu, kwa sababu kumnyima usingizi zaidi kunaweza kumpandishia hali hiyo. Na yule ambaye saa nane anaanza kuona afadhali asiwepo, asijaze daftari la wiki kwanza. Aende leo, Muhimbili au hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu naye, Amana, Temeke au Mwananyamala, na mtu amsindikize.