Joto la mchana na baridi ya usiku havifidiani kwenye saa yako

Kila anayemaliza kuunda saa ya DS1307, chipu ya kutunza muda, hapa Dodoma husema hivi: mchana itakimbia, usiku itachelewa, mwisho wa wiki mambo sawa. Si kweli! Kristali ya 32,768 Hz, ile inayoipa chipu mapigo yake, huwa na mwendo wa juu kabisa karibu na nyuzi 25. Ipashe joto, inachelewa. Ipoze, inachelewa pia. Makosa yanajumlishana.

Piga hesabu: chukua joto, toa 25, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha kwa 0.034. Hizo ni sehemu katika milioni. Alfajiri ya Julai, nyuzi 14: 4.1, sawa na sekunde 0.36 kwa siku. Kiboksi kilichobanwa chini ya bati, nyuzi 45: 13.6, sawa na sekunde 1.18. Kote ni kuchelewa. Na hiyo 25 vitabu huiandika kana kwamba imepigwa msumari, ilhali kristali moja kilele chake ni 20, nyingine 30. Usirekebishe kwa fomula kabla hujapima kristali yako mwenyewe.

Kupima: moduli ya GPS ya NEO-6M hutoa pigo moja kila sekunde. Antena itoke nje. Chini ya bati hupati setilaiti. Pigo ni volti 3.3, na chipu ya bodi ya Arduino Uno kwa volti 5 inadai angalau 3.0, nafasi iliyobaki ni ndogo, kwa hiyo lipitishe kwenye chipu ya 74HCT14 ndipo liingie pini 8. HCT14 hugeuza pigo, basi kamata ukingo unaoshuka. SQW, pini ya DS1307 inayotoa mapigo, iweke 1 Hz, rezista ya kilo-omu 10 kwenda volti 5, iingie pini 2. Taima 1, kihesabu kilicho ndani ya chipu ya Uno, mapigo yake yasigawanywe: hatua moja ni nanosekunde 62.5.

Nanosekunde hizo zisikulevye. Uno huendeshwa na resoneta ya kauri, inayoweza kukosea 0.5%, yaani dakika 7 kwa siku. Rula yako ni idadi ya hatua kati ya mapigo mawili ya GPS. Umbali kutoka pigo la GPS hadi la DS1307 ugawe kwa idadi hiyo. Andika jibu kila baada ya saa moja, pamoja na joto.

Namba ikiruka milisekunde 4.096, taima imefurika wakati wa kukamata: ICR1 (namba iliyokamatwa) ikiwa ndogo na TOV1 (alama ya kufurika) imewaka, ongeza furiko moja.

Hutaki kazi hii? Nunua DS3231, chipu nyingine ya saa, inayojirekebisha kwa joto: ±2 katika milioni, nyuzi 0 hadi 40. Ila soma maandishi juu ya chipu kabla ya kulipa. Yenye M mwishoni ni ±5.