Je, wajua kwa nini bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga lazima lipashwe moto?

Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, maarufu kama EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Kilomita 1,147 ziko upande wa Tanzania. Limesanifiwa ili mafuta yaliyomo yasishuke chini ya nyuzi joto 50 za Selsiasi njia nzima, na ndiyo sababu hutajwa kuwa bomba refu kuliko yote duniani la aina hiyo. Sasa bomba linalopita Tabora na Singida, ambako jua halijawahi kuwa adimu, lipashwe moto wa nini?

Jibu la vijiweni ni kwamba mafuta ya Uganda ni mazito, karibu na lami, kwa hiyo bila moto hayasogei. Linaingia akilini, ila si kweli. Mafuta mazito hasa yako kwingine, kwa mfano ukanda wa Orinoco nchini Venezuela, na huko njia iliyozoeleka ya kuyasafirisha ni kuyachanganya na mafuta mepesi. Haya ya Ziwa Albert, ambayo ugunduzi wake ulitangazwa 2006, yana uzito wa wastani na salfa kidogo, sifa inayopendwa na viwanda vya kusafishia. Wapo pia wanaodhani yatachemshwa. Nyuzi 50 ni nusu ya kiwango cha maji kuchemka, na hakuna tanuri linalowaka chini ya bomba. Wengine husema Hoima iko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, basi mafuta yatateremka yenyewe hadi pwani. Yangeweza hivyo, vituo sita vya pampu visingehitajika.

Kinachosumbua ni nta.

Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Mchana wa Tanga yanamiminika kama maji. Yapeleke Lushoto, ulale nayo usiku mmoja, na asubuhi utayakuta meupe, ya kuchokonolewa kwa kijiko. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa: yameshuka chini ya nyuzi 24 hivi, na chembe zilizokuwa zikiteleza zimeshikana kwa mpangilio. Nta iliyomo kwenye mafuta ghafi hufanya vivyo hivyo, ila kwa namna ya ajabu zaidi. Mafuta ya nazi huganda karibu yote, lakini kwenye mafuta ghafi inatosha asilimia chache tu ya nta kugeuka fuwele. Fuwele hizo ni bapa na nyembamba. Zikijipanga hutengeneza wavu, na mafuta ambayo bado ni kimiminika hunaswa humo ndani. Bomba linaweza kuziba ilhali sehemu kubwa ya kilichomo haijaganda hata kidogo.

Ardhini yalikotoka, joto hutosha kuiyeyusha nta. Katika joto la kawaida la chumbani, mafuta hayo huwa mgando. Jua la Singida halisaidii kwa sababu huunguza uso wa ardhi tu. Bomba limefukiwa, na huko chini udongo hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka, nyuzi ishirini na kitu.

Hatari kubwa huja mafuta yanaposimama. Pampu zikizimwa kwa hitilafu au matengenezo, yanapoa taratibu, na wavu wa nta unaojiunda katika utulivu huwa imara kuliko unaojiunda mafuta yakitembea. Kuyasukuma upya kunahitaji nguvu nyingi. Ndiyo maana bomba hili la inchi 24 limevikwa povu la poliyuretheni la kuzuia joto lisitoroke, kazi iliyofanyiwa kiwandani Sojo, wilayani Nzega, na limewekewa nyaya za umeme za kupasha joto.

Umeme huo una gharama, na kwa Tanzania umepangwa kutoka gridi ya taifa. Mradi wa kuleta nishati utakula nishati maisha yake yote. Hesabu za hewa ya ukaa hutegemea nani anapiga: ukihesabu ujenzi na uendeshaji wa bomba peke yake unapata kiasi fulani, ukijumlisha mafuta yatakapochomwa na wanunuzi unapata kikubwa mno kuliko hicho. Wenye mradi, kampuni ya Ufaransa ya TotalEnergies ikiwa na asilimia 62 ya hisa, na wapinzani wao waliosikika hadi Bunge la Ulaya Septemba 2022, mara nyingi hubishana wakiwa na maswali tofauti mkononi. Badala ya kupasha moto, kukamua nta yote kabla ya safari kungehitaji kiwanda chake na nishati yake. Dawa za kulegeza nta zipo na hutumika duniani, ila namna zinavyofanya kazi hutofautiana sana kati ya mafuta na mafuta.

Kenya ilikutana na nta hiyo hiyo Turkana. Katika majaribio ya kuuza mafuta ya Lokichar, shehena ya kwanza ikiondoka Agosti 2019, hapakuwa na bomba, hivyo yalisafirishwa hadi Mombasa kwa malori, ndani ya matangi yaliyokingwa yasipoe njiani.